Mwaka Nilipomfundisha Kasinde Kusali

Wajukuu zangu mnaoanza kufundisha dini, marahaba. Nimeitikia kabla hamjanisalimu, maana najua mtafika hapa mmeinamia simu na shikamoo mtaikumbuka mkishaketi.

Mmeniomba niwaambie kazi ya katekista ilivyokuwa. Mimi nimeifanya kwenye kigango chetu cha huko upande wa Mpui, tangu zamani Padre alipokuwa anatufikia mara moja kwa mwezi, na masika hafiki kabisa, mpaka magoti yaliponikatalia na mwanangu Gaudensia akanihamishia hapa Milanzi. Nimesoma hadi darasa la nne. Ninyi mna vyeti, hilo ni jema, vyeti havimzuii Mungu. Mambo ya vitabuni mnayo. Mimi nitawapa ya kazini, halafu nitawaambia habari za mtu mmoja, Kasinde, kwa sababu kwake ndipo nilipoona mahali ambapo mwalimu anatakiwa kunyamaza.

Kazi nilifundishwa na Mwalimu Apolinari, mwenye baiskeli isiyo na breki. Alikuwa anasimamisha kwa kiatu. Ukiona kiatu chake cha kulia kimeisha kisigino, ujue wiki hiyo ametembelea vigango vya mteremkoni. Jambo la kwanza aliloniambia ni hili: "Leokadia, kalenda ya Kanisa iko ukutani, lakini watu wako wako shambani. Usimwite mtu aje kwenye mafundisho wakati mvua ya kwanza imenyesha. Hatakuja, na akija mwili utakuwa kwako, roho iko kwenye mbegu. Mfuate. Lima naye mistari miwili mitatu, ndipo useme lako."

Nimelima mashamba ya watu wengi sana kwa namna hiyo. La mama Paskalina, la Oresto fundi baiskeli, la yule Domisiani kiziwi ambaye nilimfundisha Salamu Maria kwa kupiga kelele mpaka majirani watatu wakaijua kabla yake. Majilio huku kwetu inakuja na jembe. Watu wanapanda, wanatazama mawingu. Basi mimi sikuwahi kupata shida kueleza maana ya kungojea. Nilikuwa nasema tu, "Ulivyo sasa hivi, ndivyo Majilio ilivyo," na mtu ananyoosha mgongo, anatazama juu, ameelewa.

Kwaresima nayo inatukuta kwenye ntumba. Ninyi wa mjini labda mmesahau. Nyasi zinakatwa, zinakusanywa, zinafukiwa chini ya udongo kwenye matuta ya mviringo zioze humo, na msimu unaofuata matuta yale yanatawanywa, unapandwa ulezi. Nilimwona Apolinari amesimama kwenye shamba la mzee Ksaveri.

"Ksaveri, unafukia nini hapo?"

"Nyasi, Mwalimu."

"Zina faida gani?"

"Sasa hivi hazina. Njoo mwakani."

"Basi Kwaresima ni hiyo hiyo," Apolinari akasema, akapanda baiskeli, akaenda. Mafundisho yote ya siku ile yalikuwa hayo. Mimi nilidhani amesahau kitu.

Ksaveri huyu huyu alitangaza mbele ya jumuiya kwamba Kwaresima nzima ameacha kunywa pombe. Juma halijaisha tukamkuta kwa shemeji yake, ameinamia chungu cha ulezi na mrija mdomoni. Akasema, "Kunywa ni kwa kikombe. Mimi hapa nanyonya." Apolinari hakumgombeza. Alimwambia, "Haya, nyonya, lakini Ijumaa utubebee msalaba wa Njia ya Msalaba, maana wewe una nguvu, umeshiba." Aliubeba ule msalaba mzito kutoka barabarani mpaka kigangoni, anatoka jasho, na watoto wanamtazama. Mwaka uliofuata hakutangaza kitu, akafunga kweli.

Jambo jingine ni urefu wa sala. Ukienda kusali kwenye nyumba ya mtu, angalia kwanza jikoni. Mimi nilipokuwa mpya nilisali kwa mama Maksimilla nikapitia watakatifu wote, wagonjwa wote, marehemu wa ukoo wake kwa majina, maana majina sisahau, na yeye amepiga magoti kwa adabu hawezi kuinuka. Niliposema amina akaniambia kwa upole, "Mwalimu, Mungu amesikia. Na maharage yameungua." Tokea siku ile naomba nikiwa na pua.

Na Injili. Msimwagie mtu sura nzima. Chukueni Injili ya Jumapili inayokuja, mwanze nayo Jumatatu, kipande kidogo, mkisome kwa sauti. Halafu mwambie mtu aseme alichosikia kwa maneno yake, na kama Kifipa ndicho kinamtoka, aseme kwa Kifipa. Akikosea usimkatize. Subiri amalize, utazame kimebaki nini. Hicho kilichobaki ndicho Mungu amemwambia siku hiyo, na wewe fanya kazi na hicho. Siku hizi mjukuu wangu Skola ana Biblia nzima kwenye simu. Nilimwuliza, "Umesoma wapi leo?" Akasema, "Bibi, nimepitia pitia." Nikamwambia hata kuku anapitia pitia.

Sasa Kasinde.

Kasinde alitoka bondeni, chini kule Mtowisa, kijana na ng'ombe wake wa kulimia, akapanda huku juu kutafuta kazi ya kulima mashamba ya watu. Alikuja kwa msimu mmoja akabaki, kwa sababu alimwona Deodata. Deodata nilikuwa naye kwa masista tukiwa wasichana, tulipata Komunyo ya kwanza pamoja. Baba yake alitaka aolewe na Mkristo, Deodata akamfuata Kasinde bila harusi ya kanisani, maana Kasinde hakuwa amebatizwa na hakutaka. Alikuwa anasema, "Leza, Mungu aliyewalea babu zangu, ananijua, hahitaji kuandikishwa." Mtu mwema, mpole, hakumkataza mkewe kitu. Lakini ndoa yao haikuwa imefungwa kanisani, kwa hiyo Deodata hakuweza kupokea Ekaristi. Alikuja kila Jumapili, akakaa benchi la nyuma, na watu walipotoka kwenda mbele kupokea yeye alibaki ameketi. Walizaa, wakasomesha, wakapata wajukuu, Deodata bado yuko kwenye benchi. Na hakuwahi kumwambia mumewe.

Uzeeni miguu yake ikaanza kuvimba. Akawa hawezi kutembea mpaka kigangoni, ndipo Kasinde akaanza kumleta kwa baiskeli, anaisukuma, mama amekaa nyuma. Mwanzoni alikuwa anasubiri nje. Siku moja mvua ikamwingiza ndani, akakaa karibu na mkewe. Watu wakainuka kwenda kupokea, benchi lote likatoka, akabaki Deodata. Kasinde alinifuata baada ya ibada, kofia mkononi.

"Mwalimu, mke wangu ana kosa gani?"

"Hana kosa lingine, Kasinde. Ni ile ndoa."

"Ndoa gani?"

"Yenu."

Akaigeuza kofia mkononi. "Kwa hiyo anabaki pale kwa ajili yangu?"

Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia, "Tangu umemchukua." Akaenda kusimama karibu na baiskeli yake, ametupa kisogo. Wiki iliyofuata akaja kujiandikisha kwa mafundisho ya ubatizo.

Deodata alikuja kwangu peke yake. Akasema, "Leokadia, mfundishe vizuri. Mganga wa zahanati ameniambia moyo umechoka, ndiyo maana miguu inajaa. Sijui kama kuna Pasaka nyingine baada ya hii. Usimpitishe kwa huruma, Padre atajua. Mfundishe."

Basi nikamfundisha, na wajukuu zangu, haikuingia. Nimefundisha viziwi, nimefundisha walevi, nimefundisha mwanamke mmoja aliyelala kila nilipofungua mdomo. Kasinde alikuwa amekaa wima, ananitazama machoni, anasikiliza kwa moyo wote, na nikimwambia arudie Nasadiki, Kanuni ile ya Imani ambayo mtoto wa kipaimara anaiimba, anasema sentensi ya kwanza na kukaa kimya. Alikuwa anatokwa jasho. Wenzake darasani wakaanza kumtania. Hata Oresto fundi baiskeli akamwambia, "Mzee, ng'ombe zako zingekuwa zimeshabatizwa."

"Wao wana vichwa vikubwa," Kasinde akasema.

Nilipokuwa sina tena la kufanya, nikakumbuka la Apolinari. Nikaenda shambani. Ulikuwa mwanzo wa mvua, Kasinde yuko nyuma ya plau. Nikatembea kando yake. Nikasema kipande kimoja cha Nasadiki, naye akakisema mpaka mwisho wa mfereji. Tukageuza ng'ombe, kipande cha pili, mpaka mwisho. Kumbe kichwa chake kilikuwa miguuni. Mtu aliyekuwa anakumbuka kila shamba alilolima maisha yake yote, lilikuwa na jiwe wapi na kisiki wapi, angeshindwaje kukumbuka maneno, mradi uyaweke ardhini. Baba Yetu tuliiweka kwenye shamba la maharage. Amri za Mungu zikaenda kwenye shamba moja refu la mtoni. Kufikia Kwaresima alikuwa na sala zote.

Kwaresima katikati Padre Remigius, paroko wetu, akaja kuwauliza maswali wanaotaka ubatizo. Padre huyu alikuwa kijana, mtaratibu, hapendi mzaha kwenye mambo ya sakramenti. Kasinde akaitwa. Akasimama mbele yake, mikono imeshikana, Deodata yuko benchi la nyuma. Neno halikutoka.

Nikasema, "Padre, mruhusu atembee."

Padre akanitazama, akamtazama mzee. "Atembee."

Kasinde akatoka nje, nasi tukamfuata mlangoni. Akaanza kwenda kando ya ukuta wa kanisa kwa mwendo wa plau, mikono mbele kama ameshika mpini, anasema Nasadiki kwa sauti ya kawaida. Alipofika mahali Bwana anapozikwa, mfereji ukaisha. Akasimama, akasema, "Tulia, geuka," akageuka, akaendelea na kufufuka. Tulia ni ng'ombe wake wa kushoto. Watu wakacheka mpaka Paskalina akakaa chini. Padre hakucheka. Alimngoja amalize, akamwambia maneno yote yako sawa. Mimi nikadhani tumevuka.

Padre akauliza, "Mzee Kasinde, kwa nini unataka ubatizo?"

"Ili mke wangu apate kupokea."

"Hiyo ni sababu ya ndoa. Nakuuliza ubatizo. Yesu ni nani kwako?"

Kasinde akanitazama mimi. Mimi nilikuwa na jibu la kitabu na sikuwa nimelilima naye. Na hata ningelilima, Padre angejua limetoka kwangu.

"Sijui, Padre," akasema.

Padre Remigius akasema kwa upole, lakini akasema, "Ubatizo hauchukuliwi kwa niaba ya mtu. Jumapili ya Matawi nitakuwa hapa. Nitakuuliza swali hili moja tu. Kama bado hujui, tutasubiri mwaka mwingine, na si aibu."

Deodata alisikia. Alipanda baiskeli, mumewe akaisukuma, wakaenda. Mwaka mwingine kwa Padre ulikuwa mwaka. Kwa Deodata hatukujua.

Siku zile nilimkasirikia Padre, nisiwadanganye. Lakini nilipotulia niliona ameuliza swali ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimemwuliza mtu yeyote kwenye kazi yangu yote. Nilikuwa nauliza kama wanajua sala. Sikuwa nauliza wanasema na nani. Na sasa sikujua namna ya kufundisha hilo, maana haliwekwi kwenye mfereji.

Kasinde akaja nyumbani, nimekaa nachambua maharage. Akaketi kwenye kigoda.

"Mwalimu, wewe ukisali unasema na nani?"

"Na Bwana."

"Anajibu?"

"Mara nyingi hapana. Lakini najua yupo, kama unavyojua mtu yuko chumba cha pili."

Akafikiri. "Mimi sisikii mtu chumba cha pili."

Nikachukua kitabu changu cha Injili, nikamsomea habari za mateso ya Bwana, maana ndiyo yangesomwa Jumapili ya Matawi. Nilisoma polepole mpaka pale askari wanapomkamata mtu wa Kirene aitwaye Simoni, anatoka shamba anapita zake, wakambebesha msalaba. Kasinde akaninyooshea mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Alikuwa anatoka shamba?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hakuomba kubeba?"

"Hakuomba. Walimkamata tu."

"Alikuwa anamjua huyo aliyekuwa anabebewa?"

"Haisemi."

"Hakumjua," Kasinde akasema. "Mtu anatoka shamba, amechoka, anataka kwenda kula. Amjue wapi." Akaniambia niache hapo hapo, nisisome zaidi. Mimi nilitaka kuendelea, tulikuwa hata hatujafika Golgota. Lakini nikafunga kitabu, na hilo ndilo jambo jema nililofanya mwaka ule. Yeye akabaki kwenye kigoda, mimi nikaendelea na maharage yangu. Kisha akaaga.

Zile siku alikuwa analima shamba la maharage ya mwezi wa tatu, la mama Maksimilla. Maksimilla akaniambia mzee siku hizi halimi na sala tena kwa sauti, analima kimya, na mara nyingine anasimamisha ng'ombe katikati ya mfereji bila sababu na kuvua kofia. Akaniuliza kama anaumwa. Nikasema sijui.

Jumapili ya Matawi Padre akaja. Baada ya Misa akamwita Kasinde mbele, sisi tumebaki na matawi yetu mikononi.

"Mzee, nilikuuliza swali."

"Uliniuliza, Padre." Safari hii hakuhitaji kutembea. "Mimi ni kama yule mtu aliyekuwa anatoka shamba. Sikuja kwa ajili ya huyo Bwana. Nilikamatwa njiani, kwa ajili ya mke wangu. Nikabebeshwa hizi sala, nikabeba tu, mwenyewe simjui. Lakini ukibeba mzigo pamoja na mtu, mwendo wenu unakuwa mmoja. Unasikia anavyopumua. Ndivyo nilivyomjua. Hata ukisema leo hunibatizi, mimi siwezi tena kumwachia abebe peke yake."

Padre akatazama chini. Kisha akasema, "Pasaka mje wote wawili. Deodata aje kuungama kabla."

Padre alikuwa na utaratibu wa kuwabatiza wazee na watoto wachanga asubuhi ya Pasaka badala ya mkesha, kwa sababu ya baridi yetu na umbali. Kwa hiyo Kasinde alisimama kwenye mstari mmoja na watoto waliobebwa, wanalia, yeye amevaa shati jeupe la Oresto lililombana mabegani. Akabatizwa Simoni. Jina alilichagua mwenyewe.

Halafu ikaja ndoa. Padre akamwuliza kama anamkubali Deodata awe mke wake.

"Padre, huyu tuna vitukuu."

"Jibu ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

"Deodata?"

"Ndiyo. Nilishamzoea," Deodata akasema, na kanisa likacheka, safari hii hata Padre.

Ukafika wakati wa kupokea. Ninyi mnajua siku hizi tunapokea tumesimama, wengine mkononi, wengine kwa ulimi, mstari unakwenda haraka. Deodata alitangulia, mumewe nyuma yake. Alipofika mbele ya Padre akaanza kushuka, taratibu, na miguu ile, kwanza goti moja, kisha la pili, mpaka chini kabisa kwenye sakafu. Mstari ukasimama. Akafumba macho, akaweka mikono chini ya kidevu, akafungua kinywa, vile vile masista walivyotufundisha tukiwa wasichana. Padre Remigius alingoja kidogo, kisha akainama mpaka kwake. Kasinde alimtazama mkewe, akaona ndivyo inavyofanywa, naye akapiga magoti. Walishindwa kuinuka, ikabidi mimi na Oresto tuwashike.

Nje nilimwuliza, "Deodata, Jumapili zote ulizokaa mle ndani, hukuona watu wanavyopokea siku hizi?"

"Sikuona. Wakati ule nilikuwa nafumba macho."

"Kwa nini?"

Akanishangaa. "Leokadia, wewe ukiwa na njaa unakaa kuwatazama wenzako wanavyokula?"

Nikamshikia baiskeli, akapanda.